Insha ya Mjomba Ngwali

Mwanawema hakuwa mwalimu mvivu. Hata waliomkasirikia baadaye hawakuthubutu kumwita hivyo. Alikuwa msichana wa kwanza katika ukoo wao kuvuka kwenda Unguja kusomea ualimu, na aliporudi Pemba akapangiwa skuli ndogo ya wasichana nyuma ya mji wa Mkoani, alirudi na ari ya mtu aliyeonja kitu kitamu akataka na wenziwe wakionje. Alifika skuli kabla ya mfagizi. Buibui lake akilitundika nyuma ya mlango, akikunja mikono ya gauni, basi mpaka adhuhuri sauti yake ilisikika barabarani.

Mwaka huo wa hamsini na tisa alikuwa na wasichana watano wa darasa la nane waliojiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha ualimu cha wanawake kule Unguja. Nafasi zilikuwa chache, na zilizokuwa zikiwafikia wasichana wa Pemba zilikuwa chache zaidi. Kulikuwa na karatasi ya hesabu, karatasi ya maarifa, na insha ya Kiingereza. Hesabu haikumtia wasiwasi. Kilichomnyima raha ni insha.

Alijua jinsi insha ilivyowaangusha wasichana wa kisiwani. Yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Wakati wake alihifadhi insha mbili za mwalimu wake, neno kwa neno, na kwa bahati moja ikatoka. Aliimwaga kwenye karatasi kama mtu anayemwaga maji ya ndoo, akapita. Tangu siku hiyo alijiambia kuwa ule ulikuwa werevu, na hakuna aliyemwambia vingine.

Kwa hiyo akakaa akatunga insha yake nzuri kuliko zote, akaiandika ubaoni. Ilikuwa ya safari, nayo ilisema hivi: Mjomba wangu Ngwali alinipakia kwenye baiskeli kwenda Tumbe kununua samaki. Njiani baiskeli ikapata pancha, mjomba akaiziba kwa utomvu wa fenesi. Tulipofika Tumbe tukakuta wavuvi wanateremsha nguru wakubwa kama watoto wachanga. Tulinunua mmoja, tukarudi nyumbani jua likizama kama chungwa lililoiva. Sentensi hiyo ya chungwa kwa Kiingereza ilimpendeza mno. Aliisoma mara mbili mwenyewe kabla ya kuwageukia wanafunzi.

"Wakiuliza safari, andikeni hii," aliwaambia. "Wakiuliza siku ya furaha, andikeni hii hii, mwanzo tu mbadilishe. Wakiuliza jamaa umpendaye, mpendeni mjomba Ngwali."

Wasichana wakacheka. Tangu hapo kila asubuhi waliighani kwa pamoja, kama wanavyoghani Kurani chuoni. Mwanapili, binti wa mkulima mmoja wa karafuu, ndiye aliyeishika mwanzo. Alikuwa na sauti nzuri na kichwa kinachonata. Ukimwambia neno leo, kesho analo kama ulivyolitamka. Wengine watatu wakamfuata.

Aliyesuasua ni Moza.

Moza alikuwa binti wa Mjaka, hamali wa bandarini, na ndiye aliyekuwa na akili kali kuliko wote. Kughani ndiko kulikomshinda. Kila akiirudia ile insha ilimtoka na maneno mengine, mara mjomba kachukua kamba, mara samaki ni changu badala ya nguru. Mwanawema akimkaripia, naye akiinamisha kichwa. Siku moja akajitetea.

"Bi Mwalimu, miye nikisoma tu bila kusimulia, haikai. Nyumbani nikishasoma somo nalitia buku uvunguni, nakwenda kumsimulia bibi yangu. Yeye anasuka ukili huku ananiuliza, 'Kwa nini? Halafu?' Nikikwama ndipo najua sijafahamu, nalichukua buku tena. Baada ya siku mbili tatu namsimulia tena nione kilichobaki."

"Na bibi yako anajua Kiingereza?"

"Hajui hata herufi, Bi."

"Basi ndiye atakayekusahihishia mtihani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Moza naye akatabasamu kwa adabu, akakaa.

Wiki iliyofuata alileta insha yake mwenyewe. Ilikuwa ya safari pia. Alieleza walivyovuka yeye na bibi yake kwenda kisiwa cha Makoongwe kumtazama mtoto mchanga wa shangazi yake. Walimkuta mtoto hana jina bado kwa sababu baba na babu hawajapatana, na bibi yake, Bi Mwanabaraka, alikataa kula mpaka mtoto apewe jina. Kiingereza chake kilikuwa na mapengo. Mwanawema aliisoma kalamu nyekundu mkononi, na alipomaliza karatasi ilikuwa imejaa wekundu.

"Ukiandika hii utaanguka na utatuaibisha sote. Andika ya mjomba Ngwali."

"Lakini miye sina mjomba anaitwa Ngwali, Bi. Na Tumbe sijafika."

"Msahihishaji yuko Unguja. Atajuaje?"

Moza akasema kwa sauti ya chini, si kwa ujeuri, "Msahafu tunauhifadhi kwa kuwa ni maneno ya Mungu, hayaongezwi wala hayapunguzwi. Lakini hii safari ya Tumbe si msahafu."

Mwanawema akamsimamisha nje ya darasa mpaka mapumziko. Kutoka hapo Moza hakubadilisha tena neno hata moja. Aliighani kama wenziwe.

Mtihani ulifanyika Chake Chake. Mwanawema aliwapeleka mwenyewe kwa gari ya abiria, akakaa nje chini ya ukuta akisoma nyiradi. Walipotoka katika karatasi ya insha, Mwanapili alikuja mbio, ushungi umemwanguka mabegani.

"Imetoka, Bi Mwalimu! 'Eleza safari uliyowahi kusafiri.' Imetoka!"

Wakarukaruka, wakashikana mikono. Mwanawema alihisi machozi yanamlengalenga. Kisha akamwona Moza amesimama pembeni, anakunjakunja pindo la mtandio wake.

"Na wewe umeandika?"

"Nimeandika, Bi. Nilitaka kuandika ya Makoongwe. Mkono ukaogopa."

"Umefanya vizuri," Mwanawema akamwambia, akampigapiga bega.

Habari ya matokeo ililetwa na mwalimu mkuu, Bi Sugrabai, mwanamke wa Kihindi wa jamii ya Bohora, mzaliwa wa Wete, mpole, mwenye miwani mizito. Alirudi kutoka kikao Chake Chake, akamwita Mwanawema ofisini, akaufunga mlango, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Wasichana wako wote watano wamefutiwa mtihani," alisema. "Insha zao ni moja. Neno kwa neno. Kule wanasema karatasi ilivuja, na kwamba skuli yetu ndiko ilikovujia. Niambie kweli, Mwanawema. Uliuona ule mtihani kabla?"

"Wallahi sikuuona."

"Nakuamini. Basi hawa watoto waliupata wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Baadaye Mwanawema aliukumbuka mlango ule uliofungwa, sauti ya kunguru juu ya bati, na uso wa Bi Sugrabai unaomngoja kwa wema. Maneno yalikuwa machache na yalikuwa kweli: niliwahifadhisha mimi. Lakini mbele yake ilipita picha ya baba yake akijisifu barazani, picha ya yeye mwenyewe akivuliwa ualimu, na juu ya yote ile hofu ya zamani kwamba yeye pia alipita kwa njia hiyo hiyo, na pengine hakustahiki.

"Sijui," alisema.

Neno hilo moja likatoka ofisini likaenda mitaani. Halikuchukua muda Mkoani nzima ikajua kuwa wasichana wa darasa la nane waliiba mtihani. Wengine walisema walimhonga karani. Wengine walisema ndiyo matokeo ya kuwasomesha watoto wa kike kupita kiasi. Baba yake Mwanapili hakungoja kuuliza. Alimtoa skuli siku ile ile akampeleka kwa ndugu zake shamba, mbali na macho ya watu. Wasichana watatu wengine walikuja skuli siku moja moja, nyuso chini, wakikaa nyuma. Moza hakuja kabisa.

Mwanawema aliendelea kufundisha. Lakini sauti yake haikufika tena barabarani. Akiandika ubaoni, chaki ilimkatikia mkononi. Akikaa kula, sahani ilirudi jikoni imejaa. Mama yake alidhani ana homa, akamchemshia mchaichai, naye akaunywa wote ili asiulizwe zaidi. Alijiambia kuwa jambo lenyewe litapoa, kuwa watoto bado wadogo, kuwa hata angesema isingefaa kitu. Kila hoja aliyojipa ilisimama vizuri mpaka amwone mtoto yeyote wa skuli njiani amebeba mabuku, hapo ikaporomoka.

Siku moja alipopita bandarini aliwaona mahamali wanashusha magunia. Mjaka, baba yake Moza, alikuwa miongoni mwao, mtu mrefu aliyeanza kupinda mgongo. Alipopita na gunia lake, karani wa mzigo akapiga kelele kwa wenzake, "Hesabuni vizuri hapo! Kwao huyo hata karatasi za Serikali hazisalimiki!" Watu wakacheka. Mjaka hakugeuka. Aliliweka gunia mahali pake, akarudi kuchukua jingine.

Mwanawema hakuweza kwenda nyumbani. Miguu yake ikamchukua mpaka kwa akina Moza.

Nyumba yao ilikuwa ya udongo, uani pamefagiliwa vizuri. Bi Mwanabaraka alikuwa ameketi juu ya mkeka anasuka ukili, vidole vyake havitulii. Moza alikuwa jikoni akikuna nazi. Alipomwona mwalimu wake alisimama, akasema, "Shikamoo Bi Mwalimu," akarudi kukaa juu ya mbuzi yake ya kukunia, kichwa chini. Haukupita muda Mjaka akaingia kutoka bandarini, jasho halijamkauka. Alishtuka kuona mgeni, akaenda kunawa uso, akarudi na dafu alilolikata mwenyewe, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, Bi Mwalimu. Siye ndio tulokuwa tuje kwako, lakini uso huo tungeutoa wapi?"

"Usiseme hivyo, Mzee Mjaka."

"Nasema. Weye umejitahidi. Watu wote wanajua ulivyokuwa ukiwashughulikia hawa watoto. Wao ndio walotuangusha." Akatazama mikono yake. "Nimemwapisha kwa msahafu. Kaapa kwamba hakuiba. Namwamini, ni mwanangu. Lakini nikimuuliza ilikuwaje wote mkaandika neno moja, hanijibu. Ananyamaza tu. Sasa nakuuliza weye uliyesoma, Bi Mwalimu. Mwanangu kaiba?"

 Jikoni mbuzi ya nazi ilikoma. Mwanawema alikuwa na dafu mikononi, hajalinywa. Akafahamu kwa mara ya kwanza kwa nini Moza hakumjibu baba yake, na kwa nini wenziwe nao hawakumtaja. Mtoto alikuwa akimficha mwalimu wake. Alikuwa ameyabeba matusi ya mji mzima kwa adabu tu, kwa kuwa hakufundishwa kumtaja mkubwa wake kwa ubaya.

"Sidhani," Mwanawema alisema.

Sidhani! Aliposikia neno hilo linatoka kinywani mwake alitamani ardhi immeze. Mjaka alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetegemea zaidi ya hapo. Bi Mwanabaraka akaacha kusuka, akainua macho.

Moza alimsindikiza mpaka njiani, kama ilivyo desturi. Walitembea mpaka penye mkarafuu wa jirani. Hapo msichana akasimama.

"Mbona husemi, Bi?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama vile bibi yake alivyokuwa akimuuliza masomo, kwa kutaka kujua.

"Naogopa, Moza," Mwanawema alijibu, na hilo ndilo lilikuwa neno la kweli la kwanza alilolitamka tangu matokeo.

"Na miye naogopa, Bi," Moza akasema. Akageuka akarudi kwao.

Asubuhi yake Mwanawema aliingia ofisini kwa Bi Sugrabai bila kupiga hodi. Alisema yote wima, bila kukaa: insha, kughani, jinsi alivyomzuia Moza, na lile neno "sijui."

Bi Sugrabai alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Nilikuuliza hapa hapa."

"Uliniuliza."

"Nami nimeiandikia Idara ya Elimu kwamba skuli haijui chochote. Nimewaacha watoto wa watu wakiitwa wezi kwa kauli yako." Sauti yake ilikuwa bado ya upole, na upole ule ulimchoma Mwanawema kuliko makelele. "Panda meli ukawaambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Alipanda meli. Unguja, katika ofisi za Idara, alimkuta Bwana Abrahman, mmoja wa waliosahihisha insha zile, mzee mfupi mwenye kofia ya kiua iliyonyooka vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maneno matupu hayatoshi, Bibi. Nitajuaje kuwa huwakingii kifua wanafunzi wako?"

Basi Mwanawema akasimama katikati ya ofisi ile, mbele ya makarani wawili, akaighani. Mjomba wangu Ngwali alinipakia kwenye baiskeli. Bwana Abrahman alichukua karatasi moja baada ya nyingine akawa anafuata kwa kidole. Pancha. Utomvu wa fenesi. Nguru. Alipofika kwenye jua lililozama kama chungwa, karani mmoja alijifanya anakohoa ili asicheke.

"Kutoka Mkoani mpaka Tumbe, mwisho wa kisiwa, na kurudi," Bwana Abrahman alisema, "kwa baiskeli, na pancha, na mtoto nyuma, na nguru, jua halijatua. Huyo mjomba hodari." Hakutabasamu. "Nilisoma ya kwanza nikaipa alama nzuri. Nikasoma ya pili. Ya tatu nilikasirika. Ya tano, Bibi, nilihuzunika, kwa sababu nilikuwa sijui hata mmoja wa watoto hawa ni nani. Hawakufanya mtihani wao. Wewe ndiye uliyeufanya, mara tano."



Uamuzi ulitolewa kabla hajapanda meli ya kurudi. Wasichana watafanya upya karatasi zote baada ya Idi, chini ya msimamizi kutoka Unguja, na watakaopita wataulizwa maswali ana kwa ana. Mwanawema atapewa onyo, na utakapokwisha mwaka atahamishiwa skuli nyingine. Alilipokea onyo kama mtu anayepokea dawa chungu aliyoiomba mwenyewe.

Lililobaki ndilo lililokuwa gumu kuliko Unguja. Aliwaita wazazi skuli alasiri moja. Walikuja, kina mama upande mmoja, kina baba upande mwingine, na nyuma kabisa Mjaka, amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Mwanawema alisimama mbele ya ubao.

"Watoto wenu hawakuiba," alisema. "Insha ile ni yangu. Niliwalazimisha waihifadhi. Moza alitaka kuandika yake mwenyewe, nikamwadhibu. Nilipoulizwa nikasema sijui, na nilikuwa najua. Mliyosikia mitaani yote ni kwa ajili ya woga wangu. Nawaomba radhi."

Mama mmoja alipiga yowe, "Mwanangu kaposwa, posa imerudi kwa sababu yako weye!" Mwingine akamfuatia. Walimsema wakamsema, naye akasimama hapo hapo hakuficha uso. Baba yake Mwanapili hakuwepo. Alituma mtu aseme kuwa hana mtoto skuli. Na Mjaka, ambaye Mwanawema alikuwa akimngoja kuliko wote, aliinuka, akaweka kofia yake sawa, akatoka.

Kesho yake Moza alirudi darasani.

"Baba kanambia niende," alisema. "Kanambia, 'Mfuate mwalimu wako, lakini ukiandika, andika ya kwako.'"

Sasa Mwanawema akabaki na wasichana wanne na kazi asiyoijua. Maisha yake yote alikuwa amesoma kwa njia moja. Alifuta ubao wote, akakaa kwenye dawati la wanafunzi, akamwambia Moza, "Tuonyeshe unavyofanya kwa bibi yako."

Moza aliona haya sana. Lakini alisimama. Wakasoma ukurasa mmoja wa maarifa, wakafunga mabuku, na mmoja akawasimulia wenziwe bila kutazama, nao wakamuuliza, "Kwa nini? Halafu?" Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Binti aliyeweza kughani mito yote ya Afrika hakuweza kueleza mto hutoka wapi. Mwanawema naye alipoulizwa kwa nini maji ya bahari hupwa na kujaa, alianza jibu, akakwama katikati, akasema, "Sijui, lakini nitakwenda kutafuta." Ilikuwa "sijui" nyingine hiyo, na wasichana wakaandika swali ili walirudie.

Wakawa hivyo. Walichosoma Jumatatu walikiuliza tena Alhamisi, na tena wiki iliyofuata, na kilichopotea ndicho walichokishughulikia, si kile walichokwisha kukijua. Hesabu walizichanganya, za mgawanyo na za eneo na za riba, ili asiwepo anayejua njia kabla ya kulisoma swali. Kila mmoja aliandika insha yake, mbaya, fupi, ya jambo aliloliona kwa macho yake, mmoja ya jino lililong'olewa, mmoja ya harusi iliyonyeshewa. Mwanawema alijifunza kutumia kalamu nyekundu kidogo. Alikuwa akisahihisha makosa mawili matatu, anarudisha, wanaandika tena. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia walisoma asubuhi tu, vichwa vikiwa vyepesi, na alasiri akawaambia walale. Zamani angewakesheza.

Kila alipowaona wamekaa wanne, alimwona wa tano. Ijumaa moja baada ya sala alitembea mpaka shamba alikopelekwa Mwanapili. Baba mtu akamjibu kutoka ndani kuwa binti hayupo, na binti alikuwa anaonekana uani akianua karafuu jamvini. Ijumaa ya pili mlango ulikuwa umefungwa. Ya tatu alibisha hodi akajibiwa na mbwa wa jirani. Alirudi tena.

Idi ikapita. Msimamizi akaja. Swali la insha lilikuwa, "Mtu aliyekataa." Moza aliandika habari ya Bi Mwanabaraka aliyekataa kula mpaka mtoto wa Makoongwe apewe jina, na alipotoka hakuja mbio wala hakusimama pembeni. Alikwenda kununua urojo na wenziwe wakala wakibishana kuhusu majibu ya hesabu. Walipita wawili, hata kwenye maswali ya ana kwa ana, yeye na binti mmoja mwingine. Wawili hawakupita, na mmoja wao alilia begani mwa Mwanawema mpaka gauni likalowa. Mwanawema hakumwambia kuwa yote ni heri. Alimwambia, "Mwakani tena, kama utataka, nitakuja popote nitakapokuwa."

Siku ya Moza kuondoka, sanduku lake lilibebwa na baba yake mwenyewe begani, kupita mbele ya karani yule yule wa mzigo.  Moza alimbusu bibi yake mikono, akamshika mwalimu wake mkono.

"Dakhalia, bwenini huko, watakuuliza maswali mengi," Mwanawema alimwambia.

"Nimezoea, Bi."

Mjaka aliporudi kutoka melini, alipita karibu na Mwanawema. Akasimama. "Bi Mwalimu," alisema, "yale uliyoyasema mbele ya watu, ungenambia siku ile uani kwangu, ningekupa na la pili dafu." Akaenda zake kazini. Mwanawema hakujua kama amesamehewa. Aliona heri asiulize.

Ijumaa ile akaenda shamba kama kawaida. Safari hii baba mtu alikuwa msikitini bado, na Mwanapili akatoka mwenyewe kibarazani. Alikuwa amenenepa kidogo, mikono inanukia karafuu. Alimwekea mwalimu kigoda.

"Nilisikia Moza kenda."

"Kenda. Nimekuja kukwambia kuwa bado mtihani upo, mwakani. Na nimekuja kukuomba radhi. Ulikuwa mwanafunzi wangu mzuri, nikakutumia kama sanduku la santuri."

Mwanapili alicheka kidogo, cheko fupi lisilofika machoni. Akakaa kwenye kizingiti.

"Nshakusamehe zamani, Bi. Wallahi. Lakini sitaki. Nikiona buku, nasikia wale watu wanavyonicheka. Labda litaniondoka, labda halitaniondoka."

"Nije tena?"

Msichana alitazama jamvi la karafuu, akainuka kuzigeuza kwa mguu, taratibu, upande mmoja mpaka mwingine.

"Njoo," alisema mwishowe. "Usije na buku. Njoo tu uniambie habari za Moza."

Mwanawema akamwambia habari za Moza, jinsi alivyoondoka, jinsi sanduku lilivyobebwa. Mwanapili alisikiliza huku akigeuza karafuu. Mwalimu alipofika pale Mjaka alipolibeba sanduku mwenyewe, msichana akauliza, bila kuinua kichwa, "Kwa nini?" Mwanawema akajibu kadiri alivyojua. Kisha akavaa buibui lake akashika njia ya Mkoani, na ilikuwa njia ndefu, na moyo wake haukuwa mwepesi.